Vitanda vya mboga juu ya lava: jibu kwa mama aliyehamia Goma kutoka Bukavu

Mama mmoja ameniandikia barua ndefu, naifupisha hapa. Alikuwa akiishi Bukavu, Ibanda, akilima mboga nyuma ya nyumba miaka mingi. Mwaka huu wamehamia kwao wenyewe huku Goma, upande wa Mugunga. Nyuma ya nyumba wamebaki na nafasi ya mita 12 kwa 8. Alianza kulima vitanda 3 kama alivyozoea, jembe likagonga jiwe kila mahali. Akanunua udongo mweusi, akautandaza juu ya mawe, akapanda lengalenga (mchicha), karoti na shu (kabichi). Lengalenga zimebaki fupi na za njano, karoti zimetoka na miguu mitatu mitatu, na maji anayomwaga jioni asubuhi hayaonekani. Anataka vitanda 6 viwe tayari kabla ya mvua ya mwezi wa tisa. Anauliza kosa liko wapi, aweke majivu kiasi gani kama alivyofanya Bukavu, na kama avoka (parachichi) na pruni du Japon (mti wa matunda yanayofanana na nyanya) zinaweza kukaa karibu na ukuta.

Mama, asante kwa kuandika kwa undani hivyo. Kulima unajua. Tatizo ni kwamba umelima Bukavu ukiwa Goma, na miji hii miwili, ingawa inatazamana na ziwa moja, haina udongo mmoja.

Kule Bukavu ulikuwa na udongo mwekundu, mzito, unaokwenda chini sana, wenye asidi. Kazi yako kubwa ilikuwa kuzuia maji yasiuchukue kilimani, na kuchimba mifereji ili kitanda kisijae. Huku unakaa juu ya mawe yaliyotoka tumboni mwa volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira. Lava ya Nyiragongo ilishuka mwaka 1977, ikashuka tena 2002 ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na mwaka 2021 ikasimama pembeni mwa mji upande wa kaskazini. Chini ya hayo mawe mapya kuna mengine ya zamani zaidi. Mwamba huo una nyufa na matundu kila mahali, kwa hiyo ukitandaza udongo wa shibiri moja juu yake umeuweka juu ya kichujio: maji yanapita, yanachukua chembe ndogo za udongo na mbolea, na kila mvua kitanda kinapungua kimyakimya. Ndiyo maana lengalenga ni za njano. Chakula kimeshuka kwenye nyufa. Karoti nazo zimegonga jiwe zikagawanyika.

Kwa hiyo huku hatuchimbi kwenda chini. Tunajenga kwenda juu, na tunaziba chini kabla ya kuleta udongo. Na jambo ambalo hutalipenda: usifanye vitanda 6 mwaka huu. Fanya 2.

Tufanye hesabu pamoja. Kitanda kizuri kina upana wa mita 1.20, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Urefu tuseme mita 4, na kina cha udongo sentimita 30, ambacho ndicho kidogo kabisa kwa karoti na shu. Hiyo ni mita za ujazo 1.44, yaani ndoo 72 za lita 20. Vitanda 6 ni ndoo 432. Hapo ndipo watu wengi wa Goma wanapokwama: wananunua udongo wa vitanda 2, wanaugawa kwa 6, na vyote sita vinapata sentimita 10 tu. Kitanda kimoja chenye kina kitakupa mboga nyingi kuliko vitatu vyembamba, tena kwa maji machache. Ule udongo uliokwisha kuumwaga, ukusanye wote, hata kwa sufuria kuukuu na ufagio, uupeleke mahali pamoja. Nafasi yako inaweza kubeba vitanda 6 vya kipimo hiki pamoja na njia za sentimita 60 katikati yake, safu mbili za vitanda vitatu. Kwa hiyo pima vyote leo, weka vigingi na kamba, halafu jenga 2 vya kwanza mahali pake panapostahili. Vingine vitafuata msimu hadi msimu, kadiri mbolea yako mwenyewe inavyoiva.

Kabla hujapanga jiwe hata moja, tazama mambo matatu.

La kwanza ni jua. Hapa tuko karibu sana na ikweta, na jua linavuka juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini. Ukuta wa mita 2 unaotoka mashariki kwenda magharibi unatupa kivuli cha karibu mita 1 saa sita mchana, upande wa kusini wakati wa kiangazi, upande wa kaskazini wakati wa Noeli. Basi acha mita moja kutoka ukuta wa namna hiyo, au panda hapo vitu visivyolia jua sana, kama seleri na vitunguu vya majani. Wala usikiegemeze kitanda kwenye ukuta wa nyumba, maana unyevu utapanda kwenye matofali.

La pili ni fosi septiki, shimo la maji machafu ya choo. Juu ya lava, maji machafu hayachujwi kama kwenye udongo wa Bukavu. Yanafuata ufa na kutokea usipotegemea. Weka vitanda upande wa juu wa mteremko, fosi ibaki upande wa chini.

La tatu ni mazuku, na kwa sababu uko Mugunga nakuomba ulisome mara mbili. Majirani watakuambia habari zake, na wanasema kweli. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa za lava, hasa upande huu wa magharibi wa mji na kandokando ya ziwa. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya kwenye mabonde madogo, kwenye mashimo, popote palipo chini kuliko jirani yake. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukiamka, inatawanyika. Mtu mzima aliyesimama anaweza asijue kitu, na mbuzi au mtoto miguuni pake akaanguka.

Sasa fikiria mtunza bustani anafanya nini: anachuchumaa, pua karibu na ardhi, mara nyingi asubuhi mapema kabla ya kwenda sokoni. Na wa Bukavu anaongeza kitu kingine, anachimba shimo la mbolea. Mama, huku usichimbe shimo hilo. Mbolea tunairundika juu ya ardhi, ndani ya fremu ya mbao au ya mawe, na inaiva vilevile. Kama parseli yako (kiwanja) ina bonde dogo, hata la kwenda magotini tu, lichunguze ukiwa umesimama nje yake mchana: majani yamekufa hapo peke yake? Kuna mijusi au ndege waliokufa? Ukiona hivyo, paache, pawekee uzio watoto wasiingie, na usidhani kulijaza mawe kutalimaliza, kwa sababu gesi inapita katikati ya mawe. Waulize wanaokaa hapo miaka mingi, na uulize Observatoire volcanologique de Goma, ambao kazi yao ni kufuatilia volkeno na gesi zake. Kazi ya bustani ianze jua likiwa limepanda na upepo unavuma. Kitanda kilichoinuliwa kinasaidia hapa pia, lakini kisikufanye ujisahau.

Haya, tujenge.

Mawe unayo, na hiyo ndiyo baraka ya Goma: ukuta wa kitanda haukugharimu kitu isipokuwa mgongo. Chora mstatili kwa kamba. Chukua baramini (mtaimbo) uvunje meno ya lava yanayosimama ndani, na vile vipande usivitupe. Ukuta wenyewe panga mawe makubwa chini, yenye tumbo bapa, kila jiwe likikaa juu ya mawili, na uegemeze ukuta kidogo kwa ndani hadi ufike sentimita 40. Hakuna haja ya simenti. Ukisukuma jiwe kwa goti likacheza, litoe ulipange upya, kwa sababu udongo uliolowa unasukuma kuliko goti lako.

Sasa sakafu, na hapa usiharakishe. Piga magoti uangalie kila ufa. Ufa unaoingia ngumi, sukumia jiwe la ngumi hadi likwame. Juu yake sukumia mawe ya ukubwa wa yai, halafu kokoto, halafu ule mchanga mweusi wa lava. Mwaga ndoo moja ya maji hapo na usikilize: ukisikia yanatiririka kwenda chini, bado pana mdomo, ongeza kokoto. Yakizama polepole bila sauti, imetosha. Hatutaki maji yasimame, tunataka yachelewe. Baada ya hapo tandaza majani makavu ya ndizi na mabua ya mahindi, unene wa kiganja. Wengine wanatandika mifuko ya plastiki ya mchele. Inashika udongo, ni kweli, ila miaka miwili mitatu baadaye utavuta nyuzi za plastiki pamoja na kila karoti. Mimi siipendi. Majani yakioza yanakuwa udongo, na wakati huo kokoto zimekwisha kukazana.

Udongo unaoletwa na chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) au lori, ukague kabla ya kulipa. Ingiza mkono hadi kwenye kiwiko katikati ya mzigo, maana juu huwekwa mzuri. Lowesha konzi moja, finyanga: ukikaa mviringo na ukavunjika ukiugusa kwa kidole, chukua. Ukimwagika kama mchanga, ni lava iliyosagika tu, na hiyo unayo bure nyumbani. Ukiona vipande vya chupa, betri, au ukinusa mfereji wa barabarani, mrudishie mwenyewe, hata kama bei ni ya kupendeza. Kwa kitanda cha ndoo 72, mimi hupanga hivi: ndoo 42 za udongo, 24 za samadi iliyooza, na 6 za vumbi la makala (mkaa). Samadi ya ng'ombe, ya mbuzi, ya sungura au ya kobayi (simbilisi) zote zinafaa, mradi imekaa miezi 3 na hainuki tena. Samadi mbichi inachoma mizizi, na inachangia hizo karoti za miguu mitatu. Vumbi la makala, lile linalobaki chini ya mfuko, watu wanalitupa na ni hasara: linashika maji na chakula cha mmea kwenye udongo unaopitisha kila kitu. Lakini lisiingie kavu. Lilaze kwanza wiki 2 ndani ya rundo la mbolea, lijae, vinginevyo lenyewe litakunyang'anya chakula ulichoweka.

Majivu sasa. Bukavu yalikusaidia kwa sababu yalipunguza ile asidi ya udongo mwekundu. Udongo wa lava ya huku hauna asidi ya namna hiyo, na potasi inayotoka kwenye majivu, mawe yenyewe tayari yanayo kwa wingi. Ukirudia kipimo cha Bukavu utaharibu. Konzi moja kwa rundo zima la mbolea, kila mara unapoongeza tabaka, yatosha, kitandani usimwage. Kinachokosekana huku ni nitrojeni, ambayo jiwe halina kabisa. Inatoka kwenye samadi, kwenye maganda na majani mabichi ya jikoni, na kwenye maharagi, ambayo mizizi yake inaivuta kutoka hewani. Kwa hiyo ukimaliza kuvuna maharagi usiyang'oe. Yakate chini, mizizi ibaki.

Maji nayo ndiyo yanayonifanya nisisitize vitanda 2. Wakati wa jua, mita moja ya mraba inahitaji kama lita 5 kwa siku. Kitanda chako kina mita 4.8 za mraba, basi lita 24. Vitanda 2 ni bidoni (madumu ya lita 20) mbili na nusu kila siku. Vitanda 6 ni zaidi ya bidoni 7, na wewe unajua bidoni moja inapandaje hadi Mugunga. Paa lako lifanye kazi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati inatoa lita 1, kwa hiyo bati la mita 60 za mraba, mvua nzuri ya milimita 20 ikinyesha, ni kama lita 1,200. Hata mapipa matatu ya lita 200 yatajaa jioni moja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati iende zake, kwa ajili ya vumbi na majivu ya volkeno, halafu ndipo uelekeze mfereji kwenye mapipa. Yafunike, mbu wasizae. Maji ya kuogea yapeleke kwenye migomba, yasiguse mboga zinazoliwa mbichi. Na udongo usikae uchi hata siku moja: nyasi kavu, mashina ya maharagi, majani ya ndizi, unene wa vidole vitatu, ukiacha shingo ya kila mche wazi.

Za kupanda. Umeniandikia mwanzoni mwa mwezi wa nane, muda upo. Sasa hivi sia mbegu za shu kwenye kasha kivulini. Baada ya wiki 4 au 5 miche iko tayari, na mvua inakuwa imeanza. Kitanda cha kwanza weka shu mistari miwili, sentimita 50 kati ya mche na mche, vichwa 16, na katikati yake puaro (liki). Kitanda cha pili anza na lengalenga, zinavunwa baada ya wiki 3 au 4, hivyo nyumba inakula mapema na wewe unajua kama udongo umekubali. Zikiwa kijani kibichi, tulia. Zikiwa za njano tena, ongeza samadi iliyooza kabla ya kufikiria kitu kingine. Baada yake maharagi. Karoti zingoje zamu ya tatu kwenye kitanda hicho, kuelekea mvua za mwezi wa pili na wa tatu, udongo ukiwa umetulia na umeshuka, na wewe umejazia juu. Mbegu za karoti mwaga palepale zitakapokulia, usizihamishe.

Nyanya usizipe kitanda mwezi wa kumi. Mvua na baridi ya huku vinaleta mildiu, ugonjwa wa ukungu, majani yanaungua kwa siku chache na matunda yanafuata. Weka miche michache kwenye bidoni zilizokatwa, chini ya ukingo wa bati, ambapo matone hayafiki. Sombe (majani ya muhogo) najua utaitamani, lakini muhogo unakaa muda mrefu na unataka kina ambacho hatuna. Panda matembele badala yake: vipande vya mashina vya sentimita 30 kando ya ukuta wa kitanda, vishuke juu ya mawe. Jiwe linapata kivuli na wewe unapata mboga.

Kitu kingine ambacho Bukavu hukukizoea hivyo: siku volkeno inapotoa moshi mwingi, majivu yanaweza kuanguka, na mvua inayopita kwenye moshi huo inakuwa na asidi. Majani yanapata madoa ya kahawia kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Osha majani kwa maji safi siku ileile, vuna yaliyo tayari na uyaoshe vizuri kabla ya kupika, na maji ya bati ya siku hizo yasiingie kwenye pipa.

Kuhusu avoka, ndiyo, lakini mbali na ukuta na mbali na fosi: mita 6, kwa sababu mizizi yake inatafuta nyufa na inazipanua. Inachukia maji yaliyosimama, na hilo huku si shida. Shida ni mfuko wa udongo. Tembea kwenye parseli uone magugu marefu kuliko mengine yako wapi. Hapo ndipo lava imeacha udongo. Piga baramini. Ikizama hadi nusu mita bila kugonga, umepata pa kuanzia: panua kwa ukuta wa mawe mpaka uwe na mita moja ya ujazo ya udongo, mahali hapo pakiwa juu ya usawa wa parseli kadiri uwezavyo, si bondeni. Nunua mche uliounganishwa. Unaweza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, ilhali ule wa kokwa utakungojesha miaka mingi zaidi, na hujui utakupa avoka ya namna gani. Pruni du Japon ni rahisi zaidi. Mizizi yake ni mifupi, mti wenyewe haufiki mbali, na kwa mwaka mmoja na nusu au miwili unaanza kuzaa. Huo ndio unaweza kukaa karibu na ukuta, mita moja na nusu, upande ambao upepo wa ziwa hauupigi moja kwa moja, maana matawi yake yanavunjika haraka. Ufungie nguzo tangu siku ya kwanza.